Mkono: Kipimo cha Urefu cha Wazee Wetu

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kupima urefu kwa rula na kwa fimbo ya meta. Katika somo hili utajifunza habari za kipimo kingine. Kipimo hiki hakinunuliwi dukani, wala hakisahauliwi nyumbani, kwa sababu kila mtu huzaliwa nacho. Kipimo hicho ni mkono.

1. Mifumbati ya kitanda

Kwanza soma kisa hiki kifupi, kisha ukifikirie.

Babu mmoja alitaka kutengeneza kitanda cha kamba. Miguu ya kitanda alikuwa nayo, lakini mifumbati, yaani ile miti miwili mirefu ya ubavuni, ilikuwa imeoza. Akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi na miwili, akamwambia:

"Mjukuu wangu, nenda shambani ukakate miti miwili iliyonyooka. Kila mmoja uwe wa mikono minne kamili."

"Naam, babu," akajibu mjukuu.

Mtoto akaenda. Akachagua miti miwili mizuri, akapima kwa uangalifu mikono minne, akakata. Aliporudi, babu akaipima miti ile kwa mkono wake. Akaona kwamba kila mti una mikono mitatu na kipande kidogo tu.

"Umekosea kuhesabu, mjukuu wangu," akasema babu.

"Sikukosea, babu. Nimepima mara mbili."

"Basi pima tena nikuone."

Mtoto akapima mbele ya babu yake. Mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mti ukaisha pale pale mkono wa nne ulipoishia. Babu akanyamaza. Mtoto hakusema uongo, na babu pia hakusema uongo. Hata hivyo miti miwili mizuri ilikuwa imeharibika, maana mti ukishakatwa haurefuki tena.

Je, ni nani aliyekosea? Endelea kusoma, nawe utapata jibu.

2. Maana za neno "mkono"

Neno "mkono" lina maana nyingi katika lugha yetu. Maana ya kwanza ni kiungo cha mwili, kinachoanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Vitu vingine vimepewa jina hilo kwa sababu vinafanana na kiungo hicho au vinafanya kazi kama yake. Twasema mkono wa shati, mkono wa sufuria na mkono wa tembo.

Maana inayotuhusu katika somo hili ni ya kipimo. Mkono ni urefu kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye ncha ya kidole cha kati, vidole vikiwa vimenyooshwa. Kipimo hiki huitwa pia dhiraa. Neno dhiraa limetoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo pia ni jina la sehemu ya mkono.

Wazee wa pwani walitofautisha mikono ya namna mbili:

(a) Mkono kamili: kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye ncha ya kidole cha kati, kama ulivyoelezwa hapo juu.

(b) Mkono wa konde: kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole, vidole vikiwa vimekunjwa kufanya ngumi.

Mkono wa konde ni mfupi kuliko mkono kamili, kwa sababu urefu wa vidole umeondolewa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hakuuliza tu, "Ni mikono mingapi?" Aliuliza pia, "Ni mkono upi?" Utaona sasa kwa nini babu alitaja mikono minne "kamili".

3. Ndugu za mkono

Mkono haukutumika peke yake. Vilikuwapo vipimo vingine vidogo na vikubwa, vyote vikitokana na mwili wa binadamu.

Wanda: upana wa kidole kimoja. Vikiwa vingi huitwa nyanda.

Futuri: kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada, vidole vikiwa vimetanuliwa.

Shubiri: kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa.

Mkono au dhiraa: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.

Pima: kutoka ncha za vidole vya mkono wa kulia hadi ncha za vidole vya mkono wa kushoto, mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa pande mbili.

Vipimo hivi vilihusiana hivi:

Shubiri 2 ni sawa na mkono 1.
Mikono 2 ni sawa na wari 1.
Mikono 4 ni sawa na pima 1.

Wafanyabiashara waliihesabu dhiraa kuwa nusu ya wari, yaani karibu sentimeta 46.

Jaribio la 1: Kupima mkono wako

Vifaa: rula au utepe wa kupimia, na kalamu.

Hatua:
1. Weka mkono wako juu ya dawati. Kiwiko kiguse ukingo wa dawati, na vidole vinyooke.
2. Mwambie mwenzako aweke alama ndogo ya kalamu mahali ncha ya kidole chako cha kati inapofika.
3. Pima urefu kutoka ukingo wa dawati hadi kwenye alama. Andika jibu kwa sentimeta.
4. Sasa kunja ngumi, upime mkono wa konde kwa njia hiyo hiyo.
5. Pima pia shubiri yako. Je, shubiri mbili ni sawa na mkono wako mmoja? Kama si sawa, tofauti ni sentimeta ngapi?
6. Andika vipimo vya wanafunzi kumi wa darasa lako katika orodha. Nani ana mkono mrefu kuliko wote? Nani ana mkono mfupi kuliko wote?
7. Mwisho, mwombe mwalimu apime mkono wake.

Bila shaka umeona kwamba mikono ya wanafunzi wa darasa moja haina urefu mmoja, na kwamba mkono wa mtu mzima hupita mikono yenu karibu yote. Mikono ya wanafunzi wengi wa umri wako huwa kati ya sentimeta 35 na 40. Mikono ya watu wazima wengi huwa zaidi ya sentimeta 40.

4. Kazi za mkono

Usidhani kwamba wazee wetu walitumia mkono kwa kukosa akili. Mkono ulifanya kazi nyingi, na ulizifanya vizuri.

Msusi wa mikeka husuka kwanza ukili, yaani utepe mrefu wa miyaa, kisha huushona kuwa mkeka. Akitaka kujua kama ukili wake unatosha, huupima kwa mkono au kwa pima. Fundi wa nyumba ya miti na udongo hupima kwa mkono nafasi kati ya nguzo na nguzo. Mvuvi hupima nyavu na kamba zake. Baharia wa zamani alipima kina cha maji kwa bildi, yaani kamba iliyofungwa kipande kizito cha risasi. Aliishusha hadi ikagusa chini. Alipoivuta, aliinyoosha kati ya mikono yake miwili, akahesabu pima moja, pima mbili, pima tatu. Kwa hesabu hiyo alijua kama chombo chake kinaweza kupita bila kukwama.

Chunguza kazi hizo kwa makini. Msusi anapima kwa mkono wake, na ni yeye mwenyewe anayeshona. Fundi anapima nguzo zote kwa mkono ule ule mmoja. Baharia anajua chombo chake kinahitaji pima ngapi za maji, pima za mikono yake mwenyewe. Katika kila kazi kipimo ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo haidhuru kama mkono huo ni mrefu au ni mfupi. Mkeka utatoka sawa, na nyumba itasimama vizuri.

5. Mkono katika biashara

Mambo hubadilika pale watu wawili wanapopima kitu kimoja.

Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi walibeba mizigo ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Bara, vitambaa vilitumika kama fedha. Kwa vitambaa watu walinunua chakula njiani, na kwa vitambaa walilipa hongo kwa watawala wa nchi walizopita. Kitambaa kimoja kilichopendwa sana kilikuwa cha pamba kutoka Marekani, nacho kikaitwa merikani.

Kitambaa hicho kilihesabiwa kwa mikono. Shuka moja ilikuwa mikono minne. Doti moja ilikuwa shuka mbili, yaani mikono minane. Bila shaka neno doti unalijua, kwa kuwa hata leo khanga mbili zilizoungana huitwa doti. Neno limebaki, lakini halitaji tena mikono minane.

Sasa fanya hesabu hii. Muuzaji ana mkono wa sentimeta 41. Mnunuzi ana mkono wa sentimeta 46. Wamepatana doti moja, yaani mikono minane.

Kwa mkono wa mnunuzi: 8 × 46 = sentimeta 368.
Kwa mkono wa muuzaji: 8 × 41 = sentimeta 328.
Tofauti: 368 − 328 = sentimeta 40.

Sentimeta 40 ni karibu mkono mzima wa muuzaji! Mnunuzi atasema ameibiwa. Muuzaji ataapa kwamba amepima mikono minane, na kiapo chake kitakuwa cha kweli. Kitambaa kimepungua, na mwizi hayupo. Huo ndio ubaya wa kupima kwa vipimo viwili vyenye jina moja. Huwafanya watu waaminifu wagombane, na humpa mtu asiye mwaminifu mahali pa kujificha.

Jaribio la 2: Jina moja, urefu mbalimbali

Vifaa: mpira wa kamba, kisu au mkasi, na utepe wa kupimia.

Hatua:
1. Chagueni wanafunzi watano. Kila mmoja akate kipande cha kamba chenye urefu wa mikono minne, akipima kwa mkono wake mwenyewe. Asitazame vipande vya wenzake.
2. Wekeni vipande vyote sakafuni, kimoja kando ya kingine, ncha za upande mmoja zikiwa zimelingana.
3. Tazameni ncha za upande wa pili. Je, zimelingana?
4. Pimeni kipande kirefu kuliko vyote na kipande kifupi kuliko vyote. Tofauti ni sentimeta ngapi?

Hifadhini vipande hivyo. Mnaweza kuvitumia katika michezo au kufungia kuni.

6. Kijiti cha babu

Turudi sasa kwa babu na mjukuu wake. Mkono wa babu ulikuwa sentimeta 46. Mikono minne ni sentimeta 184. Mkono wa mjukuu ulikuwa sentimeta 37. Mikono minne ni sentimeta 148. Mifumbati ilipungua kwa sentimeta 36. Babu angelala juu ya kitanda kile, miguu yake ingening'inia nje.

Kwa hiyo hakuna aliyekosea kuhesabu. Kosa lilikuwa kwamba hawakupatana ni mkono wa nani.

Babu hakumgombeza mjukuu wake. Alichukua kijiti kilichonyooka, akakilaza juu ya mkono wake kuanzia kwenye kiwiko, akakikata sawasawa na ncha ya kidole cha kati. Akampa mjukuu akisema, "Huu ndio mkono wangu. Nenda nao."

Safari hii mtoto alirudi na mifumbati iliyolingana na kitanda. Ile miti ya kwanza haikutupwa. Ikatengenezewa kitanda cha mtoto.

Kijiti kile ni kitu kidogo, lakini ndani yake mna fikra kubwa. Babu amekiondoa kipimo katika mwili wa mtu mmoja na kukitia katika kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukishika. Kijiti hakikui, hakikunji ngumi, wala hakimpendelei muuzaji au mnunuzi. Kipimo cha namna hii, ambacho watu wote wamepatana kukifuata, huitwa kipimo sanifu.

Fikra hiyo ni ya zamani sana. Wamisri wa kale walipima kwa dhiraa, na walitengeneza fimbo za mti na za mawe zenye urefu wa dhiraa ya kifalme. Urefu huo ulikuwa karibu sentimeta 52 na nusu, nao uligawanywa katika nyanda 28. Fimbo kadhaa za namna hiyo zimehifadhiwa mpaka leo katika majumba ya makumbusho. Kwa dhiraa hiyo Wamisri walijenga, karibu miaka 4,500 iliyopita, piramidi kubwa ya Giza karibu na mji wa Cairo. Kila upande wa piramidi hiyo una urefu wa dhiraa 440, yaani karibu meta 230. Maelfu ya watu walifanya kazi hiyo. Kama kila mmoja angalipima kwa mkono wake mwenyewe, pande zile nne zisingalilingana.

7. Kutoka kijiti hadi meta

Kijiti cha babu kilitosha kwa nyumba moja. Fimbo ya mfalme ilitosha kwa nchi moja. Lakini nchi mbalimbali zilikuwa na fimbo mbalimbali, na biashara kati yao ilipokua, ugomvi ule wa doti ulirudi kwa ukubwa zaidi.

Mwaka 1791 Wafaransa waliamua kutafuta kipimo kisichotokana na mwili wa mtu yeyote, hata wa mfalme. Walichagua dunia yenyewe. Walikubaliana kwamba meta moja iwe sehemu moja ya sehemu milioni kumi za mwendo kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Mwaka 1799 walitengeneza fimbo ya metali ya platini yenye urefu huo. Mwaka 1875 nchi 17 zilitia sahihi mkataba wa meta mjini Paris. Tangu mwaka 1983 meta haitegemei fimbo tena. Hupimwa kwa mwendo wa mwanga, ambao ni mmoja mahali pote.

Nchi zetu za Afrika Mashariki zilipopata uhuru zilikuwa zikitumia wari, futi na inchi. Baadaye ziliuchagua mfumo wa meta, ingawa mafundi wengi wangali wanataja futi na inchi katika kazi zao. Nchini Tanzania, vipimo vinavyotumika katika biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kwa hiyo unapokwenda dukani kununua kitambaa cha sare ya shule, meta mbili ni meta mbili, mwenye duka awe mrefu au mfupi.

8. Faida ya mkono siku hizi

Je, tuuache mkono kabisa? La. Mkono bado una faida, iwapo unaujua urefu wake kwa sentimeta.

Fikiri kwamba mko shambani mnataka kupanda mahindi. Bwana shamba amewashauri muache sentimeta 75 kati ya mstari na mstari. Hakuna aliyechukua utepe wa kupimia. Mwanafunzi ambaye mkono wake ni sentimeta 37 na nusu anajua kwamba mikono yake miwili ni sentimeta 75. Basi na akate kijiti cha mikono yake miwili, kisha darasa zima lipande kwa kijiti hicho kimoja. Hapo mkono wa wazee na sentimeta za kitabu hiki vinafanya kazi pamoja.

Kumbuka jambo moja: wewe unakua. Mkono uliopima leo hautakuwa na urefu huo huo mwakani. Andika kipimo chake pamoja na tarehe katika daftari lako, upime tena baada ya miezi sita.

Mambo ya kukumbuka

1. Mkono au dhiraa ni urefu kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye ncha ya kidole cha kati.
2. Mkono wa konde ni mfupi kuliko mkono kamili.
3. Mkono hufaa pale mtu mmoja anapofanya kazi yote kwa mkono wake mmoja.
4. Watu wawili au zaidi wanapopima kitu kimoja, lazima wapatane kutumia kipimo kimoja kisichobadilika.
5. Meta ni kipimo sanifu kinachotumika karibu duniani kote.

Maswali

1. Taja maana tatu za neno "mkono".
2. Eleza tofauti kati ya mkono kamili na mkono wa konde. Kwa nini ilimpasa mnunuzi kuijua tofauti hiyo?
3. Mkono wa mama ni sentimeta 43. Amesuka ukili wa mikono 20. Ukili huo una urefu wa meta ngapi?
4. Kwa nini mkeka wa msusi ulitoka sawa, lakini mifumbati ya babu ilipungua?
5. Pima doti ya khanga nyumbani kwenu kwa utepe. Je, imefika mikono minane ya sentimeta 46? Tofauti ni kiasi gani?
6. Nyoosha mikono yako pande mbili, mwenzako apime pima yako kwa sentimeta. Kisha apime kimo chako. Umeona nini?
7. Waulize wazee wa kijijini au mtaani kwenu majina ya vipimo vya urefu walivyotumia zamani, na kila kimoja kilitumika kupima nini. Andika majibu yao, uyasome mbele ya darasa.